Usukani wa IST unatetemeka nikikanyaga breki: ninunue diski na pedi zipi nisifilisike?

#1 Abiria_wa_Bunju

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Toyota IST namba D, ile ya toleo la kwanza, injini 1.3. Gari ya kazi tu: Bunju hadi Posta na kurudi, siku sita kwa wiki, Jumapili kanisani. Kifupi ni baby walker ya watu wazima.

Mwezi wa tano usukani ulianza kucheza nikikanyaga breki nikiwa kwenye 80. Nikishuka 40 unatulia. Fundi wangu wa mtaani akasema diski za mbele zimepinda na pedi zimeisha. Nikaenda Kariakoo, nikachukua diski mbili kwa 110,000 na pedi kwa 25,000, boksi jeupe lenye picha ya moto na maneno ya kujisifu. Fundi akafunga kwa nusu saa, nikampa 15,000. Gari ikawa laini kama imetoka melini jana.

Raha ikadumu wiki saba. Sasa usukani unacheza tena, na safari hii kuna mlio wa kusaga upande wa kushoto. Rimu ya kushoto inakuwa nyeusi ti kwa vumbi, ya kulia iko kawaida.

Fundi anasema nilipigwa, zile ni feki, nirudi nikachukue OG, yaani orijino. Duka moja wamenitajia pedi OG 140,000 na diski pea 380,000. Kodi ya nyumba nayo inanichungulia dirishani. Kuna kitu cha katikati hapo? Na kweli hizi diski za wiki saba ndio basi tena, nizitupe?

#2 Chuma_Chakavu

Uza hiyo, ongeza kidogo uchukue Crown.

#3 Abiria_wa_Bunju

Mkuu hiyo "kidogo" utanichangia wewe?

#4 Mzee_wa_Lezi

Kijana, shikilia pesa yako kwanza. Mimi nimechonga diski na drami kwenye lezi, ile mashine ya kuchonga chuma, tangu enzi za Corolla DX, sasa nimestaafu, macho hayataki. Neno "diski imepinda" nimelisikia kuliko salamu.

Diski ni chuma cha kusubu, kinene. Haipindi hovyo kama sahani ya plastiki iliyoachwa juani. Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Diski inakaa juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Ile habu ikiwa na kutu, hata punje moja, diski mpya inakaa upande kidogo sana. Kiwango kinachoruhusiwa kwa gari nyingi ndogo ni kama milimita 0.05, unywele wako wa kichwani huenda ukawa mnene kuliko hiyo. Siku ya kwanza husikii kitu kwa sababu diski ina unene sawa kila mahali. Lakini kwa kuwa inayumba, kila mzunguko sehemu moja inagusa pedi hata kama hujakanyaga breki. Inagusa, inagusa, Bunju mpaka Posta. Baada ya wiki kadhaa ile sehemu imelika kuliko nyingine, au pedi imepaka masizi yake pale. Sasa diski ina unene tofauti. Ukikanyaga breki, pedi zinapita kwenye mabonde na vilima, na wewe unayasikia mikononi.

Soma tena ulichoandika: ilikuwa laini, baada ya wiki saba ikaanza. Hiyo ndiyo saa yake hasa. Kama zingekuwa zimepinda toka dukani ungesikia siku ile ile.

Sasa nijibu. Fundi wako alipotoa diski ya zamani, aliisugua habu kwa brashi ya waya? Alizitoa pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, akazipaka grisi? Nati za tairi alizikaza vipi?

#5 Abiria_wa_Bunju

Mzee shikamoo.

Alipiga diski ya zamani nyundo ikatoka, akachomeka mpya, akarudisha kalipa. Brashi sikuiona. Pini sijui hata ziko wapi. Nati alikaza kwa spana ya msalaba, halafu akaipanda kwa mguu akaruka mara mbili. Moja moja, kwa kuzunguka.

#6 Mzee_wa_Lezi

Marahaba. Basi una bahati hujanunua za 380,000, nazo zingeharibika hivyo hivyo.

Nati zinakazwa kwa kuvuka, kama unachora nyota, kidogo kidogo mpaka zote zishike. Kwa gari kama yako nguvu ya kukaza ni Nm 103, fundi mwenye spana ya kipimo anajua. Anayeruka juu ya spana anaibana diski upande mmoja, inakaa kama kofia ya mlevi.

#7 Mama_Probox

Abiria pole. Mimi nina Probox, nasambaza vinywaji na unga, gari inabeba mzigo mzito kila siku ya Mungu. Breki nimezinunua mara nyingi kuliko viatu vyangu.

Nikueleze ninavyochagua diski, maana huko ndiko wengi tunaibiwa bila kujua. Ninakwenda na diski yangu ya zamani kwenye mfuko, na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia begi la ndege. Wauzaji wananicheka. Wacheke. Diski ya gari moja, kipenyo kile kile, unene ule ule, inaweza kupishana uzito na nyingine kwa kiasi ambacho hata mkono unakisikia. Yangu ya zamani imeshalika lakini niliwahi kukuta mpya ya dukani ni nyepesi kuliko yenyewe! Chuma kimekwenda wapi? Ukichungulia kwa pembeni, kati ya zile bapa mbili kuna mapezi ya kupitishia hewa. Kwenye ile nyepesi bapa zilikuwa nyembamba na mapezi machache, yamekaa mbalimbali. Kwa macho ya mbele zinafanana kabisa, zote zinang'aa.

Na uzito ndio kazi ya diski. Breki haifanyi kitu kingine zaidi ya kugeuza mwendo kuwa joto, na joto lazima liwe na mahali pa kukaa kabla halijaondoka na upepo. Chuma kidogo, joto linapanda haraka.

Kwa hiyo sitafuti jina kubwa kwenye diski. Natafuta iliyo wazi, isiyo na matundu ya urembo, nzito, bapa zote mbili zina unene sawa, na pembeni au kwenye kofia yake, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, imechapwa unene wa chini kabisa, utaona MIN TH na namba ya milimita. Isiyo na hiyo chapa naiacha hapo hapo. Zile za kutobolewa matundu na kuchorwa mistari waachie vijana wa mashindano, kwenye gari ya kazi unalipia ziada na matundu ndiyo mahali nyufa zinapoanzia.

Pesa ninayookoa hapo naiweka kwenye pedi.

#8 Chuma_Chakavu

Mama anapima diski kama dagaa wa Mwanza 😂

#9 Mama_Probox

Na dagaa nawapima pia, mwanangu.

#10 Dalali_wa_Kaunta

Nimekaa nyuma ya kaunta ya spea miaka tisa, Gerezani. Niseme la upande wetu.

Ukija ukasema "nipe pedi za IST" umeshanipa ruhusa ya kukuuzia chochote. IST za toleo la kwanza ziko tatu: NCP60 ya 1.3, NCP61 ya 1.5, na NCP65 ya 1.5 inayovuta miguu yote minne. Njoo na namba ya chesesi, nayo iko kwenye kadi ya gari. Kwa chesesi tunatoa namba kamili ya spea. Kwa Toyota, pedi za mbele namba inaanza na 04465, za nyuma 04466, viatu vya drami vya nyuma 04495, diski za mbele 43512. IST yako nyuma ina drami, zinazotumia viatu badala ya pedi, kwa hiyo mtu akikuuzia "pedi za nyuma" anakutania. Ukishajua namba hiyo, hata boksi la kampuni nyingine utakuta wameiandika pembeni kama namba ya kulinganisha.

Sasa hilo neno OG. Toyota hachomi pedi jikoni kwake. Kuna makampuni yanamtengenezea. Advics, kwa mfano, ilianzishwa 2001 na Aisin, Denso, Sumitomo Electric na Toyota mwenyewe, na kazi yake ni breki. Akebono wapo tangu 1929. Hawa wanauza pia kwa boksi lenye jina lao, na hapo bei inapungua kwa sababu hulipii lile boksi la Toyota. Wapo na Nisshinbo, Wakorea wa Hi-Q, Wazungu kama Ferodo, TRW na Textar. Hicho ndicho cha katikati unachokitafuta. Kwa IST, wakati naacha kazi, pedi za ngazi hiyo zilikuwa zinacheza 60,000 hadi 85,000 kutegemea na mdomo wako.

Hatari ni kwamba feki wengi wanaiga majina hayo hayo. Asiyejulikana hana anayemuiga. Kwa hiyo usiangalie boksi, fungua. Bati la nyuma liwe na rangi iliyokaa sawa, namba iwe imechapwa kwenye chuma chenyewe au kwa wino mkavu usiofutika kwa kidole, ile nyama ya pedi isiwe na nyufa wala vipande vilivyomeguka kona, na pedi zote nne ziwe na namba za toleo zinazofanana. Na bei: kitu cha 80,000 ukiuziwa 30,000 na ukaambiwa ni ofa ya mwisho wa mwezi, ujue wewe ndiye mwisho wa mwezi.

#11 Kemia_Mtaani

Kuna siri ndogo pembeni mwa pedi ambayo hata wauza spea wengi hawaisomi. Tafuta herufi mbili mwishoni mwa mlolongo wa namba, mfano FF, GF, GG. Ni kipimo cha msuguano cha Wamarekani wa SAE, chama cha wahandisi wa magari. Herufi ya kwanza ni pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE ujue ikipata moto inalegea. Ukiona EE, rudisha kabatini.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba, kisha 90R na tarakimu zake. Hiyo ni kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia, R90: pedi lazima ishike kwa tofauti isiyozidi asilimia 15 na ile iliyokuja na gari. Namba ya kwenye duara ni nchi iliyotoa kibali, 1 Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Ni kweli mwizi anaweza kuchapa hata hiyo, lakini wengi wa maboksi meupe hawajisumbui.

Halafu kuna udongo wake. Oganiki ni laini, kimya, haili diski, lakini inaisha mapema na haipendi moto mkali. Semi-metali ina nyuzi za chuma, inavumilia joto, ila ina kelele asubuhi, vumbi jeusi, na inakula diski. Seramiki ni kimya, vumbi kidogo, bei juu. Kwa Bunju–Posta kwenye foleni, oganiki nzuri ya Mjapani au seramiki ya bei ya kati inatosha na inabaki.

#12 Mzee_wa_Lezi

Kemia umesema vyema, nikuongezee tu: GG siyo "bora" kuliko FF kwa kila gari. Ile herufi haisemi pedi itadumu lini wala kama italia. Ukiweka pedi kali mno mbele kwenye kagari ka tani moja, breki zinanasa kwa kugusa tu, na ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, inaanza kucheza kwenye mchanga. Fuata ile iliyokuja na gari, au ngazi yake.

#13 Kitonga_Kavu

Mimi nawapinga wa oganiki. Niko Iringa, Kitonga nashuka kila wiki na abiria. Nilifunga oganiki ya bei nzuri tu, na jina zuri. Katikati ya mlima kanyagio likawa gumu kama jiwe na gari haisimami. Harufu ya kuungua mpaka abiria wa nyuma wakaanza kusali kwa sauti. Tangu siku hiyo ni semi-metali tu, ipige kelele itakavyo.

#14 Kemia_Mtaani

Kaka uko sahihi kwa njia yako. Kanyagio gumu na gari haisimami ni pedi iliyochemka, msuguano umekimbia. Lingekuwa laini, linazama mpaka chini, ni mafuta ya breki yaliyochemka. Ni magonjwa mawili tofauti na watu wanayachanganya.

Ila nikuulize bila ugomvi: ulishuka ukiwa kwenye D?

#15 Kitonga_Kavu

...Ndiyo.

#16 Mzee_wa_Lezi

Eee Mola. Kijana, Kitonga inashukwa kwa gia uliyoipandia. Otomatiki zima O/D (ile gia ya juu ya mwendo kasi), ikizidi weka 2. Injini ikushikie, breki uziguse kwa vipindi kisha uachie zipumue. Mwendo ukiwa mara mbili, joto la kusimamisha ni mara nne, hesabu haina huruma. Hakuna pedi ya duka lolote itakayokubeba mlima mzima umeikanyagia tu.

Lakini semi-metali kwa abiria na milima, nakubaliana nawe. Endelea nazo.

#17 Pwani_Si_Kenya_Tu

Salaam kutoka Mombasa. Nawasoma kimya lakini hapa pa mafuta ya breki lazima niingie.

Sisi wa pwani, Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, tuna adui wawili: chumvi na unyevu. Chumvi inakula habu na pini za kalipa. Unyevu unaingia kwenye mafuta ya breki. Yale mafuta yanavuta maji kutoka hewani, ndivyo yalivyoumbwa. Daraja lake limeandikwa kwenye chupa: DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanywa maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishalowa. Watu wanabadilisha pedi mara nne na mafuta hayajaguswa tangu gari itoke Japani. Kila miaka miwili yatoe yote. DOT 4 inaingia vizuri palipokuwa DOT 3. DOT 5 usithubutu, hiyo ni silikoni, haichangamani na hizo.

Na chupa nunua ndogo iliyofungwa kwa lakiri. Ile chupa ya fundi iliyo wazi chini ya benchi tangu Ramadhani ya mwaka jana ni supu.

#18 Abiria_wa_Bunju

Wakuu, leo Jumapili nimerudi ibadani, nimeinua gari mwenyewe. Jeki pamoja na vigogo viwili chini, msinigombeze.

Kushoto: pedi ya ndani imebaki kama ganda la chungwa, ndiyo inayosaga. Ya nje ya kalipa hiyo hiyo ina zaidi ya nusu. Kulia zote mbili ziko sawa, zimelika kidogo. Pini moja ya kushoto nimeivuta kwa mkono imegoma, nimezungusha kwa praizi ikatoka na kutu nyekundu, kimpira chake kimepasuka. Pini ya pili inateleza.

Habu nimeipiga picha, ina magamba ya kutu kama mkate uliokauka. Pedi zina herufi? Nimesugua nikatafuta, hakuna kitu. Hata jina limefutika.

#19 Mama_Probox

Hapo sasa tumeongea. Pini imeganda, kalipa haitelezi, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake na haiachii. Ndio vumbi lako la kushoto.

#20 Dalali_wa_Kaunta

Na ndiyo maana pedi haziuzwi moja. Kuna mtu atakwambia nunua mbili za kushoto tu. Zinafungwa nne za mbele kwa mpigo, la sivyo gari itavuta upande siku ya mvua.

#21 Mzee_wa_Lezi

Vizuri sana kijana. Sasa sikiliza mpangilio.

Pini iliyoganda isafishe kwa msasa laini, ikiwa imechimbika nunua mpya, kuna vifurushi vya pini na vimpira vyake, siyo ghali. Grisi iwe ya silikoni ya breki. Ile grisi ya manjano ya beringi, au oili ya injini, itavimbisha mpira na pini itaganda tena kabla ya Krismasi. Kalipa usiining'inize kwa paipu yake ya mpira, ifunge kwa waya kwenye springi. Pistoni ukiirudisha ndani angalia kopo la mafuta juu lisifurike, yanababua rangi ya gari.

Vumbi usilipulize kwa hewa ya kompresa. Asbesto Ulaya waliipiga marufuku kabisa 2005, lakini pedi isiyo na jina hakuna anayekudhaminia imechanganywa na nini. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Diski pima. Venia ya kawaida (kile kipimo cha unene) itakudanganya, kwa sababu ukingo wa nje wa diski haulikwi na pedi, unabaki kama mdomo wa sufuria, na venia inashika pale. Chukua sarafu mbili za 200, weka moja kila upande kwenye sehemu inayolika, pima vyote kwa pamoja, halafu toa unene wa zile sarafu. Pima sehemu sita kuzunguka.

#22 Abiria_wa_Bunju

Nimeazima venia kwa jirani fundi aluminiamu. Kushoto sehemu nyembamba iko juu ya MIN TH kwa milimita 1.5, nene 1.6. Kulia kote 1.7. Mizani ya Mama sina, ila hii chapa ya MIN TH ipo, kumbe sikupigwa sana kwenye diski.

#23 Mzee_wa_Lezi

Tofauti ya 0.1 kushoto. Huo ndio mtetemo wako, umeushika kwa sarafu za mia mbili mbili. Na nyama ipo ya kutosha. Usinunue diski. Zipeleke lezi, zote mbili, akupitishie kidogo sana kila upande, mwambie usizidi 0.3 kwa jumla.

#24 Chuma_Chakavu

Mzee kuchonga si ndio kunazifanya nyembamba ziungue haraka? Mi naona bora mpya tu.

#25 Mzee_wa_Lezi

Ingekuwa imebaki 0.5 ningekuambia hivyo hivyo, na nimewahi kuwarudisha wateja na pesa zao mkononi. Diski ya kuchonga mpaka ifike MIN TH siku hiyo hiyo ni kumuuzia mtu jeneza. Lakini hii ya wiki saba yenye 1.5 juu, kuitupa ni jeuri ya mwenye pesa, naye si yeye. Ila fundi wa lezi naye asafishe kofia ya diski ndani kabla hajaifunga kwenye mashine. Akiifunga na kutu, atachonga upotovu uwe wa kudumu.

#26 Kemia_Mtaani

Na ukiweka diski mpya siku za usoni, zioshe kwa sabuni na maji ya moto au dawa ya breki. Zinatoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, ukiziweka hivyo pedi zinayanywa na hazirudi tena.

#27 Abiria_wa_Bunju

MREJESHO.

Wakuu, imepita miezi miwili na nusu, samahani kwa kupotea, kazi.

Nilifanya hivi. Diski zote mbili lezi, 20,000. Pini moja mpya na vimpira vya pande zote, 18,000. Grisi ya silikoni kapakiti 5,000. Mafuta DOT 4 chupa ndogo mbili, 24,000, yale ya zamani yalitoka rangi ya chai ya rangi iliyolala. Pedi nilizipata za boksi la mtengenezaji, FF zimechapwa, namba ya 04465 pembeni inalingana na chesesi yangu, 70,000 baada ya kubishana nusu saa na kuondoka mara mbili. Fundi nilibadilisha, huyu mpya nikampa 30,000 kwa sharti moja: nisimame pale. Habu tuliisugua mpaka ikang'aa. Nati alikaza kwa nyota na spana ya kipimo. Jumla 167,000, dhidi ya 520,000 niliyotajiwa bila hata kusafisha habu.

Kabla ya kuondoka akanizuia nisiwashe gari mpaka nipampu kanyagio. La kwanza lilizama mpaka sakafuni, la pili nusu, la nne likashika. Nisingepampu ningeingia kwenye ukuta wa jirani pale pale gereji.

Kisha tukaenda barabara ya Bagamoyo alfajiri, magari machache. Kutoka 50 kushuka hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, katikati nikiacha breki zipoe. Mwanzo zilikuwa na harufu na zinashika kivivu, baadaye zikakaa.

Usukani kwenye 80: kimya. Kwenye 100 (msiwaambie trafiki): kimya. Rimu zote mbili zina rangi moja. Jana nimepima tena na sarafu zangu, tofauti siioni.

Fundi wa zamani nilipita kumsalimia. Akachungulia kwenye rimu akasema, "Si nilikwambia ununue OG?"

#28 Mama_Probox

😂😂 Umemjibu nini?

#29 Abiria_wa_Bunju

Nilimwambia ndiyo kaka, ulisema. Nina pancha kila mwezi, na yeye ndiye aliye karibu na nyumbani.

#30 Kitonga_Kavu

Nami niseme, nimeanza kushuka na 2. Injini inalia lakini breki baridi, wiki ya tano sasa. Abiria wanalalamika tunachelewa.

#31 Mzee_wa_Lezi

Waache walalamike. Wale waliosali wangapi wamepanda tena?

#32 Kitonga_Kavu

Wawili, mzee. Mmoja anakaa siti ya mbele ananiangalia gia.

#33 Chuma_Chakavu

Mama Probox, samahani, ile mizani unaazimisha? Nina Crown, usukani unacheza.